Uliza Bibi Shamba: Konokono wako analala wapi?

Mvua za masika zikishaanza tu, huwa najua barua zitakuwa za nini. Safari hii nimezisoma kibarazani kwangu hapa Muheza, manyunyu yanadondoka, na konokono mmoja mkubwa kama ngumi ya mtoto kabandika kwenye ukuta mbele yangu. Alikuwa analamba chokaa. Watu hudhani anapanda ukutani kukimbia maji, kumbe anatafuta chokaa ya kujengea gamba lake. Nilimwacha alambe mpaka nilipomaliza barua ya kwanza, kisha nikamtia ndooni.

Shikamoo Bibi. Nina matuta sita ya mchicha na chainizi nyuma ya nyumba, nauza mafungu kwa majirani. Tangu mvua zianze, kila nikiamka nakuta miche imeliwa, tuta zima limebaki vijiti. Jirani akaniambia nimwage chumvi. Nimemwaga kilo mbili. Konokono kadhaa walikufa, lakini mchicha nao umekauka. Niambie dawa ya kununua, nimechoka. – Mama Mchicha, Kigamboni

Marahaba mwanangu, na pole. Tuanze na hiyo chumvi. Chumvi inamuua konokono kwa kumnyonya maji mwilini, na mizizi ya mchicha nayo ikiguswa na chumvi nyingi inashindwa kunywa maji. Wote wawili wanakufa kwa kiu, tena kwenye udongo uliolowa. Kwangua udongo wa juu kina cha vidole viwili, ukautupe mbali na bustani. Kigamboni ni mchanga, kwa hiyo mvua mbili tatu nzuri zitaishusha chumvi iliyobaki. Usipande kesho wala keshokutwa. Na jirani mwambie chumvi ni ya mboga ikiwa sufuriani.

La pili, una hakika ni konokono? Nauliza kwa sababu sota, yule kiwavi wa udongoni, naye anafanya kazi usiku, na watu wengi humsingizia konokono. Sota anakata mche chini kabisa, usawa wa udongo, unaukuta umelala na majani yake. Ukifukua kidogo karibu na shina unamkuta kajikunja kama pete. Konokono halazi mche. Anakula majani, anatoboa matundu yasiyo na mpangilio, na mche ukiwa mchanga anaumaliza wote. Tena anaacha saini: ute uliokauka, unang'aa jua likiupiga kwa ubavu. Barua yako inasema vijiti, basi nakubali ni yeye.

Sasa nikusimulie kilichonipata mimi, maana nilisomea kilimo na bado konokono alinifundisha adabu. Ilikuwa wakati wa ile mvua ya El Niño, iliyoanza mwishoni mwa 1997. Nilikuwa na miche 60 ya mipapai kwenye viriba, nimeipanga vizuri chini ya kivuli. Kila asubuhi nahesabu, kila asubuhi pungufu. Nikazungushia majivu, mvua ikayafanya uji. Usiku nikatoka na tochi nikaokota nusu ndoo, nikalala nimeridhika. Kesho yake wamekuja wengine kana kwamba walikuwa kwenye foleni.

Aliyenitoa gizani ni mume wangu, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa fundi cherehani na kilimo hakikuwa chake hata kidogo. Aliniuliza hivi: "Hawa mchana huwa wanakaa wapi?" Sikuwa na jibu. Mimi mwenye cheti.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijakausha ute, tulifuata zile njia zao. Zilipita pembeni mwa kitalu, zikavuka uchochoro, zikaingia kwenye rundo la makuti niliyokuwa nimeweka ya kuezekea banda la kuku. Ni hatua kama kumi na tano tu. Nilipoinua kuti la kwanza nikawaona wamepangana kama vikombe kabatini, wakubwa kwa wadogo, wametulia. Tuliacha kuhesabu tulipofika 140. Miche yangu iliyobaki ilikuwa 17.

Ndiyo maana kwenye safu hii mtu akiniuliza dawa ya konokono, nami humuuliza: analala wapi? Mwili wake ni maji matupu, jua la saa sita likimkuta wazi amekwisha. Lazima awe na pahala penye giza na ubichi, na kwa kuwa haendi mbio, hawezi kuishi mbali na chakula. Mwenda pole hajikwai, wanasema, lakini huyu anakwenda pole mno hata chumba chake kinabidi kiwe jirani na mchicha wako. Zunguka nyumba yako. Inua matofali yaliyobaki kwenye ujenzi, lile bati lililoegemezwa ukutani, dumu bovu, rundo la magugu uliyong'oa juzi, na upande wa chini wa karai. Nyasi ndefu kando ya ua zifyeke, ubakishe kama mita moja ya udongo mtupu kuzunguka matuta. Hilo peke yake litakupunguzia nusu ya taabu.

Usiku utoke kati ya saa 2 na saa 4, baada ya mvua ndipo wanapotoka wengi. Chukua tochi na ndoo yenye maji ya sabuni. Usiwashike kwa mikono mitupu, tumia glavu au kijiti, sababu yake nitaieleza kwenye barua ya mwisho. Usiku wa kwanza utashtuka kwa wingi wao, wa tatu watapungua, lakini usiache. Okota wiki mbili mfululizo. Wale waliokufa wafukie kwenye shimo, usiwarundike pembeni wakakuletea nzi.

Wiki mbili nimezisema kwa sababu ya mayai. Konokono wetu mkubwa ni dume na jike kwa pamoja, kwa hiyo kila mmoja unayemwona ana uwezo wa kutaga. Kwa mkupuo mmoja anaweza kutaga mayai 200, na kwa mwaka hutaga zaidi ya mara moja. Anayafukia kwenye udongo laini, mara nyingi palepale kwenye tuta ulilolilima vizuri. Ukichimba na kukuta vitu vyeupe vyenye umanjano kwa mbali, ukubwa wa punje ya mtama, vimeshikana kama chungu ya shanga, usivishangae. Viponde. Vinaanguliwa karibu baada ya wiki mbili, na vile vitoto ndivyo vinavyopenda miche michanga kuliko hata wazazi wao.

Halafu kuna jambo ambalo mama zangu wa mboga hawapendi kulisikia: acheni kumwagilia jioni. Najua jioni ndiyo mnapopata nafasi. Lakini ukimwagilia saa 11 jioni unamtandikia konokono zulia la kutembelea usiku kucha. Mwagilia asubuhi, mpaka usiku juu pawe pamekauka kidogo.

Mitego pia inasaidia, na haina gharama. Jioni laza gunia bichi kati ya matuta, au ganda la papai au la tikiti umelifunika chini juu. Vifuu vya nazi vinafaa sana, vipange vikiwa vimeinama na upenyo mdogo wa kuingilia. Asubuhi saa 12 na nusu, kabla jua halijachoma, vigeuze. Wamejileta wenyewe. Ila ukisahau kugeuza siku mbili, umewajengea nyumba ya wageni.

Wengine hutega kwa pombe. Kinachowavuta ni ile harufu ya uchachu, kwa hiyo pombe ya mnazi iliyolala inafaa sawa na bia. Kama pombe haiingii nyumbani kwako, koroga unga wa ngano, maji na kijiko cha hamira, uache uumuke. Watafiti wa Marekani wamejaribu kinyunya cha namna hiyo na kimewavuta konokono vizuri, akiwemo huyu mkubwa wetu. Mimina kwenye kopo ulilolifukia, mdomo wake ubaki juu ya udongo kimo cha kidole, ili wadudu wema wanaotembea chini wasitumbukie. Kopo liwe pana. Kwenye kopo dogo vinazama vitoto tu, mkubwa anakunywa, anajifuta mdomo, anaenda zake kwenye chainizi.

Nimefika kwenye dawa ya kununua. Kwenye duka la pembejeo unaweza kukuta chembechembe za kumwaga bustanini. Zile za metaldehaidi zinaua kweli, lakini zinaua na mbwa, na bata akila konokono aliyekula sumu hiyo anaweza kudhurika naye. Wewe unauza mboga, na nina hakika kuna watoto hapo uani. Za fosfeti ya chuma ni afadhali sana: konokono akizila anaacha kula, anajificha na kufa baada ya siku chache, kwa hiyo usidai pesa yako ukikosa kuona maiti. Soma karatasi ya kwenye pakiti, tena utawanye chembe moja moja, usirundike. Mimi ningeanza na yale matofali kwanza.

Na miche yako inayofuata ioteshe juu. Piga kichanja cha fito kimo cha kiuno, kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye maji na mafuta machafu kidogo ili mbu wasizaliane. Konokono hawezi kuogelea hapo. Mche ukifikisha majani matano sita ndipo uuhamishe tutani. Akiutafuna hapo, una kitu cha kubakiza.

Bibi, huku kwetu konokono hawana nyumba, ni makoa meusi yanayoingia ndani ya kabichi na saladi. Nimezungushia maganda ya mayai yaliyopondwa kama ulivyowahi kutufundisha. Yanapita juu yake. – Mkulima wa Lushoto

Unanikumbusha dhambi zangu. Ni kweli niliyafundisha maganda ya mayai, kwa miaka mingi, kwenye semina na kwenye safu hii. Nilifundishwa nami nikafundisha, na sikuwahi kukaa usiku mzima kumtazama koa akiyavuka. Mwaka 2018 chama cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kilitoa matokeo ya jaribio la saladi. Nyingine zilizungushiwa maganda ya mayai, nyingine utepe wa shaba, nyingine changarawe, magome ya misonobari au vidonge vya sufu, na nyingine ziliachwa hivihivi. Makoa yalikula zote sawasawa. Koa anatoa ute mzito, anautandika chini ya tumbo lake, anapita juu yake kama gari kwenye lami. Inasemekana anaweza hata kupita kwenye makali ya wembe asijikate, na mimi siku hizi naamini.

Majivu yanafanya kazi kwa sababu nyingine, yanafyonza ule ute. Lakini ni majivu makavu tu. Kwa Lushoto, kwenye ukungu na manyunyu ya kila siku, utamwaga majivu ya jiko zima na saa mbili baadaye umepaka udongo rangi.

Kwako wewe tabu kubwa iko ndani ya kabichi yenyewe. Koa akishaingia kati ya majani, amepata chumba, chakula na kitanda pamoja, hana haja ya kurudi popote. Kwa hiyo ung'oe yale majani ya chini yaliyolala juu ya udongo, panda kwa nafasi ili hewa ipite, na ukishavuna usiache visiki na majani yaoze shambani. Matandazo ya nyasi uyaondoe wakati wa mvua, uyarudishe kiangazi. Najua nimewahi kusema matandazo ni rafiki wa mkulima. Ni rafiki wa miezi ya jua.

Kama una bata, waingize shambani baada ya kuvuna na kabla ya kupanda, siku tatu nne. Bata anayachambua makoa na mayai yake kwa mdomo ule mpana kama mtu anayechambua mchele. Usiwaingize saladi ikiwa changa, maana wataanza na saladi. Kuku ni hasara, wanachakura tu.

Shikamoo Bibi, nakusoma nikiwa Leicester. Nimekodi kipande cha bustani cha manispaa, nalima sukuma wiki na maharage. Makoa ya huku ni ya ajabu. Rafiki amenipa pakiti ya chembe za bluu iliyokaa stoo muda mrefu. Nitumie? – Mwana wa Pwani

Marahaba. Usitumie. Soma kwenye pakiti, kama kumeandikwa metaldehaidi, Uingereza ilipiga marufuku kuitumia nje tangu mwisho wa Machi 2022. Usiitupe kwenye taka za nyumbani, waulize haohao manispaa wanapokea wapi kemikali.

Ninyi mna kitu ambacho ningekitamani: minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inauzwa ikiwa hai, unaikoroga kwenye maji na kumwagilia. Inaingia ndani ya mwili wa koa na kumuua akiwa ardhini. Subiri udongo ufikie nyuzi 5 za joto na uwe na unyevu, ndipo umwagilie.

Ila usiue kila koa unayemwona. Kwa hesabu za chama kilekile cha bustani, kati ya aina 44 hivi za makoa ya Uingereza ni tisa tu zinazokula mimea ya bustani. Yule mrefu mwenye madoa kama chui mwache, anakula vilivyooza na hata makoa wenzake. Na ukibahatika kupata kalunguyeye, mwachie upenyo chini ya ua.

Bibi, mimi ni kijana wa Morogoro. Mtandaoni nimeona watu wanafuga konokono na kuuza nje kwa pesa nyingi. Hawa wa bure waliojaa kwa bibi yangu siwezi kuwafanya mtaji? – Mjasiriamali

Taratibu mwanangu. Nigeria na Ghana konokono ni kitoweo cha heshima, na wana aina zao kubwa walizozizoea. Hapa kwetu kabla ya banda tafuta mnunuzi, umpate kwa jina na kwa bei, si kwa video. Halali na haramu yake kamuulize sheikh au mchungaji wako, mimi ni bibi shamba.

Lakini la kumpeleka nje akiwa hai, huyu wa kwetu, hapo nakukataza. Konokono mkubwa asili yake ni mwambao huuhuu wa Afrika Mashariki, na amesafiri kuliko mabaharia. Mwanzoni mwa karne ya 19 alishafika Mauritius. Mwaka 1847 Mwingereza mmoja alimchukua kutoka Mauritius akamwachia bustanini Kolkata, na kutoka India akaenea Asia. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Florida kutoka Hawaii na konokono watatu, bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye walikuwa wamefika maelfu. Waliokotwa zaidi ya 18,000 na iligharimu kama dola milioni moja kuwamaliza. Mwaka 2011 wakaonekana tena Miami, ikachukua miaka kumi mpaka 2021 kutangaza wamekwisha.

Hawaii nako walitaka njia ya mkato. Mwaka 1955 walileta konokono mla konokono kutoka Marekani bara. Mgeni akaona majitu yetu ni kazi ngumu, akageukia konokono wadogo wa asili wa vile visiwa, na aina nyingi zikapotea. Kwa hiyo ukisikia mtu anataka kukuuzia mnyama wa kula wadudu wako, muulize kwanza akishiba hao atakula nini.

Bibi, mwanangu wa miaka saba amemfungia konokono kwenye kopo la maziwa, anasema ni rafiki yake. Jirani ananitisha kwamba atapata kichocho. Ni kweli? – Mama wa Kilindi

Si kweli. Kichocho kinapitia kwa konokono wadogo wa majini, wale wa madimbwi, mitoni na kandokando ya ziwa, na mtu anakipata kwa kuingia kwenye yale maji. Konokono wa bustanini hana kichocho. Mtoto akiwa anaogelea kwenye bwawa, hapo ndipo umsikilize jirani.

Ila wa bustanini anaweza kubeba mnyoo mwingine, wa kwenye mapafu ya panya, ambao ukiingia kwa binadamu hufika kwenye utando wa ubongo. Unaingia kwa kula konokono mbichi, au mboga mbichi iliyopitiwa na kitoto cha konokono kisichoonekana. Ndiyo sababu ya zile glavu za Mama Mchicha. Saladi ioshwe jani moja moja kwenye maji yanayotiririka, na mtoto anawe mikono kwa sabuni kila akimshika rafiki yake, kabla hajagusa mdomo.

Rafiki mwenyewe muache. Toboa kifuniko, weka udongo mbichi kidogo na maganda ya tango, na umtilie ganda la yai lililopondwa, alilambe badala ya ukuta wako. Angalau hapo maganda ya mayai yana kazi. Akitaga, pondeni mayai. Na mtoto akimchoka, asimwachie kwenye mchicha, akuletee wewe.